Amplifaya: mteja analipia sauti au jina?

Tanga, mji uliotoa Atomic Jazz na Black Star, una masikio mazoefu, na ubishi wa amplifaya haujaisha. Wapo wanaoshikilia kuwa za valvu zina sauti laini zaidi. Wengine husema za transista ni safi na hazili umeme mwingi.

Mwaka 1987 jarida la Stereo Review la Marekani liliwapima wasikilizaji 25 bila kuwaonyesha mashine. Bei zilianzia kiasi cha dola 200 hadi 12,000. Ukubwa wa sauti uliposawazishwa, hawakuweza kuzitofautisha kwa uhakika. Sikio huidhania sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora. Aidha, kutoka wati 50 hadi 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu.

Kwa mnunuzi wa mitumba, hasara kubwa iko kwenye umeme. Mashine ya soko la Japani hutumia volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa, huungua. Bei ya transfoma ihesabiwe mapema. Fedha ikibaki, inunue spika nzuri: huko ndiko tofauti husikika.