Hospitali Zinaponunuliwa: Bei ya Matibabu na Sheria ya Ushindani

Hospitali ya kibinafsi ikiuzwa, mara nyingi mgonjwa hapati habari. Bango la langoni hubaki lile lile, wauguzi ni wale wale, na kadi ya bima hupokewa kama jana. Kinachobadilika ni mwenye kuamua bei. Kisumu hupokea wagonjwa kutoka Siaya, Homa Bay, Vihiga na Nandi, na wengine huvuka ziwa kutoka Mfangano na Rusinga kumfuata daktari bingwa. Kwa hivyo swali la nani anamiliki hospitali ipi linawahusu wakazi wa kanda nzima ya ziwa.

Mfano ulio karibu ni Avenue, yenye hospitali hapa mjini Kisumu. Kundi hilo la hospitali lilinunuliwa na mfuko wa afya uliokuwa ukisimamiwa na Abraaj, kampuni ya uwekezaji ya Dubai. Abraaj iliporomoka mwaka 2018. Mwaka uliofuata usimamizi wa mfuko huo ukachukuliwa na TPG, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, na ukapewa jina la Evercare. Mfuko huo huo uliwekeza katika hospitali za India, Pakistan, Bangladesh na Nigeria.

Hakuna kosa lolote katika hilo. Mashine za kupiga picha za mwili, vyumba vya upasuaji na vitanda vya wagonjwa mahututi ni ghali, na kundi kubwa hununua dawa na vifaa kwa bei nafuu kuliko hospitali inayojitegemea. Mkazi anapaswa kuuliza jambo jingine: je, unafuu huo unafika kwenye bili yake?

Jibu hutegemea kama ana pengine pa kwenda. Kampuni ya bima inapojadiliana na hospitali kumi zisizohusiana, inaweza kuikataa moja yenye bei ya juu. Hospitali hizo kumi zikiwa na mwenyewe mmoja, bima haina ubavu huo, kwa maana ikizikosa zote haina cha kumuuzia mteja. Bei ya hospitali hupanda, ada ya bima hufuata, na mwajiri hukata zaidi kwenye mshahara. Afrika Kusini walilichunguza jambo hili kwa miaka kadhaa. Ripoti iliyotolewa na tume yao mwaka 2019 ilionyesha kwamba makundi matatu, Netcare, Mediclinic na Life Healthcare, yalishika asilimia 83 ya vitanda vyote vya hospitali za kibinafsi nchini humo. Kenya haijafika huko, lakini Afrika Kusini nayo haikufika hapo kwa siku moja.

Kwetu, chombo kilichopewa kazi hii ni Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010. Kampuni mbili haziruhusiwi kuungana, wala moja kuinunua nyingine, kabla ya kupata idhini yake pale sheria inapoitaka. Wanaokiuka wanaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini ya hadi Sh10 milioni, na Mamlaka yenyewe inaweza kuwatoza hadi asilimia 10 ya mauzo yao ya mwaka uliotangulia. Muungano unaogusa nchi zaidi ya moja huweza kupelekwa kwa tume ya ushindani ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 2013.

Katika kuamua, Mamlaka haiangalii hesabu za kampuni tu. Sheria inaitaka ipime pia athari kwa ajira, kwa biashara ndogo na kwa eneo fulani la nchi. Hilo la eneo ndilo lenye uzito kwetu. Ukihesabu hospitali zote za Kenya, muungano wa hospitali mbili za Kisumu utaonekana mdogo sana. Lakini mama wa Kombewa aliyeshikwa na uchungu usiku hachagui kati ya hospitali zote za Kenya. Anachagua kati ya zile anazoweza kufikia kwa boda boda au kwa gari la kukodi kabla mambo hayajaharibika, na huenda ni mbili au tatu. Soko la matibabu hupimwa kwa nauli na kwa saa, na ramani ya Nairobi haimwambii chochote mtu wa Nyakach.

Hapa pana pengo linalofaa kujulikana. Kwa mwongozo wa mwaka 2019, pande mbili zinazoungana zikiwa na mauzo au mali isiyozidi Sh500 milioni kwa jumla, haziwajibiki kuomba idhini. Kiwango hicho kinaeleweka, maana ofisi moja haiwezi kukagua kila duka linalouzwa. Hata hivyo kliniki mbili za pekee katika mji mdogo wa kando ya ziwa zinaweza kuwa za mtu mmoja bila ofisi yoyote ya ushindani kuulizwa.

Kuungana ni njia moja tu ya kuua ushindani. Njia ya pili ni rahisi zaidi: wenye hospitali au kliniki hukutana na kukubaliana kwamba hakuna atakayetoza chini ya kiasi fulani. Sheria inakataza makubaliano hayo hata yakifanywa kwa jina la chama cha wataalamu, na adhabu yake ni kali sawa na ile ya kuungana bila idhini. Bei zinazowekwa na serikali kwa kanuni ni jambo jingine. Kanuni za ada za madaktari za mwaka 2016, kwa mfano, ziliweka kiwango cha juu na cha chini. Kiwango cha juu kinamlinda mgonjwa. Cha chini, ukweli usemwe, kinamlinda daktari.

Tangu Oktoba 1, 2024 kuna mnunuzi mkubwa kuliko wote, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Mnunuzi wa ukubwa huo hupanga bei. Katika viwango vilivyotangazwa wakati huo, SHA hulipa Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida, Sh30,000 kwa kujifungua kwa upasuaji, na Sh10,650 kwa kila kikao cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Hospitali ya kibinafsi inaweza kuwa na bei yake iliyo juu ya hapo, na tofauti humwangukia mgonjwa. Ndiyo maana kuwa na SHA hakumaanishi kwamba bili itakuwa sufuri. Uliza kiasi cha kuongeza kabla ya kulazwa.

Una haki ya kuuliza. Sheria hiyo hiyo ya Ushindani inasema mteja anastahili kuarifiwa ada zote anazokusudiwa kutozwa, kwa jina lolote zitakaloitwa, na kwamba haruhusiwi kutozwa ada ambayo hakujulishwa mapema. Vitu kama glavu, faili, kitanda na ziara ya daktari vimo humo. Ikiwa ni dharura, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo mazungumzo ya pesa yasitangulie huduma.

Kinachoizuia zaidi hospitali ya kibinafsi kupandisha bei, kuliko hata barua kutoka Nairobi, ni hospitali ya umma yenye dawa na daktari. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti na kufunguliwa mwaka 1969, inafanya kazi hiyo kwa kanda yote. Hospitali za Ahero, Chulaimbo na Kombewa zinaifanya karibu na nyumbani. Dawa zikikosekana huko, mgonjwa huvuka barabara hadi duka la dawa na hulipa anachoambiwa. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo vya afya inaruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia papo hapo, dawa zikiwemo. Mkazi anaweza kuiuliza kamati ya kituo chake pesa hizo zilinunua nini.

Mkazi anayeshuku kwamba bei zimepangwa kwa siri anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani, na muungano unapochunguzwa, mtu yeyote anaweza kuwasilisha maelezo au hati hata kama si mhusika. Weka risiti na bili iliyochanganuliwa, na andika tarehe na jina la huduma uliyotozwa. Bili ya jumla yenye mstari mmoja haitoshi. Omba ichanganuliwe kabla ya kutoka getini. Ambaye bado hajajisajili na SHA anaweza kupiga *147# kwa simu yoyote, au kumwona mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.