Simu Haioni Jiwe la Mpaka

Mkazi wa Tarakea, wilayani Rombo kando ya mpaka wa Kenya, anaweza kulala kwake Tanzania na kuamka akiwa amekaribishwa Kenya. Ujumbe uko kwenye kioo cha simu: karibu, bei za kupiga ni hizi, bei za intaneti ni hizi. Hajasogea kitandani, hajafika kwenye kizuizi cha forodha wala kugonga muhuri popote. Bando la wiki alilojiunga jana halijaguswa, ila salio la kawaida limekwisha. Kama simu ni mpya, haraka haraka anaamini kauziwa kimeo. Anaipeleka kwa fundi, fundi anaizima na kuiwasha, kila kitu kinakuwa sawa, na jioni akirudi nyumbani mambo yanaanza upya.

Simu hiyo ni nzima. Inafanya hasa kile ilichoundwa kufanya, na mwenyewe akikijua hatapoteza fedha tena.

Kila mnara wa simu hutangaza namba ya kujitambulisha, muda wote, usiku na mchana. Tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: mitandao ya Tanzania hutangaza 640, ya Kenya 639. Laini yako nayo imeandikwa ndani yake namba ya nchi na kampuni iliyoitoa. Simu ikiwaka husikiliza minara yote inayosikika hapo ilipo, ikatafuta ya nyumbani. Ikiipata, inajisajili. Ikiikosa, inashika mwingine wowote wenye makubaliano na kampuni yako, hata kama ni wa nchi nyingine. Hiyo ndiyo roming. Katika kazi hiyo yote simu haiangalii ramani wala haihitaji GPS. Nchi iliyopo, kwa simu, ni ile iliyotajwa na mnara iliyoushika.

Na mawimbi ya redio hayaujui mpaka. Huu wa kwetu walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukapita chini ya Kilimanjaro ili mlima ubaki upande wa Wajerumani. Matokeo yake, miteremko ya mashariki na kaskazini ya mlima huu inatazamana na nchi jirani bila kizuizi chochote kikubwa katikati. Kwa teknolojia ya 2G, mnara mmoja unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35, kikomo kinachotokana na muda ambao mawimbi huchukua kusafiri. Loitokitok, mji wa Kenya ulio ng'ambo ya Tarakea, uko ndani kabisa ya umbali huo. Mnara uliosimamishwa kwa ajili ya watu wa kule hauwezi kuyazuia kabisa mawimbi yake yasifike Tarakea, na watu wa kule nao hukaribishwa Tanzania wakiwa sebuleni kwao.

Mbona basi kwa jirani simu inashika Tanzania na kwako inashika Kenya? Rombo ni nchi ya mabonde na migongo. Ukiwa nyuma ya mgongo mmoja, mnara wa Tanzania ulio upande wa pili unafichika, wakati ule wa ng'ambo uliosimama mbali bondeni unakutazama moja kwa moja. Nyumba ya mabati hupunguza mawimbi. Shamba la migomba nalo hupunguza, hasa majani yakiwa yameloa, na mawimbi ya masafa ya juu yanayobeba intaneti ya kasi ndiyo yanayoathirika zaidi. Ndiyo maana chumba kimoja cha nyumba kinaweza kuwa Tanzania na kingine kikawa Kenya, na hali ikabadilika mvua ikinyesha.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalielezi. Ungetegemea kwamba mawimbi ya nyumbani yakirudi, simu nayo itarudi. Mara nyingi hairudi. Kanuni za kimataifa zinazoongoza simu zinaiambia hivi: ukiwa kwenye mtandao wa ugenini, tafuta kila baada ya muda mtandao unaoupendelea zaidi, lakini ndani ya nchi uliyopo. Simu iliyoshika 639 inaamini iko Kenya, kwa hiyo haihangaiki kutafuta 640. Mawimbi ya Tanzania yakififia dakika mbili tu usiku wa manane, simu inaweza kuhamia Kenya na kukaa huko hadi asubuhi, ingawa mnara wa nyumbani umesharudi na unasikika vizuri. Kanuni hiyo ilimfikiria msafiri aliye Nairobi au Dubai, ambaye simu yake ingemaliza chaji bure kwa kutafuta mtandao wa kwao. Haikumfikiria mtu anayeishi mita chache kutoka kwenye jiwe la mpaka.

Wengine wamezoea kuweka simu kwenye hali ya ndegeni kisha kuiondoa. Husaidia, lakini si kila mara, kwa sababu baadhi ya simu zikiwaka huanza kwa kuutafuta mtandao wa mwisho zilizoutumia, na huo ni ule ule wa ng'ambo. Dawa ya uhakika ni kuinyima simu uamuzi huo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao wa simu, zima uchaguzi wa kiotomatiki, subiri orodha ya mitandao itokee, kisha chagua kampuni yako mwenyewe. Kuanzia hapo simu itashika huo tu. Yakikosekana mawimbi, itakaa bila mtandao mpaka yarudi, na hilo ni nafuu kuliko kuamka huna salio. Hapo hapo zima ruhusa ya kutumia data ugenini. Siku ukienda Loitokitok kweli na unataka simu ifanye kazi, rudisha uchaguzi wa kiotomatiki, ukirudi uuzime tena. Wanaosahau kuurudisha ndio wanaolalamika kwamba simu imekufa kila wakivuka.

Zamani usumbufu huu ulikuwa mdogo. Kitochi kikivuka mpaka peke yake kilikaa kimya hadi upige au upigiwe. Simu janja haikai kimya. Usiku umelala, inapakua masasisho ya programu, inahifadhi picha zako mtandaoni, inavuta video za makundi ya WhatsApp ambazo hukuomba, inauliza hali ya hewa. Kwa bando la ndani ni matumizi ya kawaida. Kwa bei ya roming ni salio lote, kwa sababu bando la ndani kwa kawaida halifanyi kazi ukiwa umeshika mtandao wa nchi nyingine. Kwa hiyo kwa mtu wa Tarakea, Nanjara au Rongai, kuzima data ya ugenini ni kazi ya kwanza kabisa baada ya kutoa simu kwenye boksi, kabla ya kuweka hata picha ya wasifu.

Saa nayo haitakusaidia kugundua. Mtu wa Tunduma akivutwa na mnara wa Zambia, saa ya simu yake inaweza kurudi nyuma saa moja, akashtuka. Kenya na Tanzania tunatumia saa ile ile, hivyo simu inahama bila dalili. Alama ya kuangalia ni jina la mtandao juu ya kioo au kwenye mipangilio, pamoja na herufi ndogo R ambayo simu nyingi huionyesha pembeni ya alama ya mawimbi.

Namba za simu zina mtego wake, na huu naona unawaumiza wafanyabiashara kuliko wengine. Namba za Tanzania na za Kenya zote zina tarakimu kumi na nyingi huanza na 07. Namba inayoanza na 0712 Tanzania ni ya mtandao uliokuwa ukiitwa Tigo, sasa Yas, na Kenya ni ya Safaricom. Ukihifadhi namba ya mnunuzi wako wa maharage kwa 0712 tu, halafu simu ikawa imeshika mnara wa ng'ambo, au ukapiga kwa laini ya pili bila kuangalia, simu inaweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa mwenye tarakimu zile zile katika nchi nyingine. Kwa maongezi utaomba radhi ukate. Kwa fedha ni msiba. Hifadhi kila namba kwa +255 au +254, hata ya mama yako mzazi anayeishi jirani. Ikihifadhiwa hivyo, itafika kwa mwenyewe popote simu inapodhani ipo.

Wengi hapa wana laini mbili, moja ya kila upande, na simu ya laini mbili inawafaa sana. Lakini wakumbuke kwamba M-Pesa ya Safaricom, iliyoanza Machi 2007, na M-Pesa ya Vodacom Tanzania, iliyofuata mwaka 2008, zinashirikiana jina, lakini kwa mtumiaji ni vitu viwili. Akaunti ni mbili, sarafu mbili, namba za siri mbili, na menyu mbili: *150*00# upande huu, *334# upande ule. Shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya shilingi kumi za Tanzania, kwa hiyo anayeandika kiasi kwa haraka kwenye laini isiyo yake anaweza kutuma fedha mara nyingi zaidi ya alizokusudia. Ipe kila laini jina na rangi yake kwenye mipangilio, na iagize simu ikuulize kila mara ni laini ipi itumike.

Kuhusu chaji, simu ikiwa mbali na mnara huongeza nguvu ya kutuma. Kwenye 2G ya masafa ya MHz 900 inaweza kufika wati 2, wakati kwenye 4G kikomo cha kawaida ni takriban wati 0.2. Simu inayohangaika kati ya minara miwili dhaifu huisha chaji mapema ingawa hujaigusa, na betri mpya haitatibu hilo. Sogeza mahali unapoichajia, karibu na dirisha linalotazama mnara wa nyumbani, utaona tofauti. Pawa benki iliyoandikwa 10,000 isikudanganye pia. Kipimo hicho ni cha betri ya ndani, yenye volti 3.7, na inapopandishwa hadi volti 5 za chaja namba hiyo hushuka, na sehemu nyingine hupotea kama joto, hivyo kinachoifikia simu ni karibu theluthi mbili. Na vijana wanaobeba mizigo ya wageni kupitia njia ya Rongai ya kupanda Kilimanjaro wanajua kwamba baridi ya juu huzimisha simu yenye chaji. Ikae ndani ya nguo, karibu na mwili, na wasiichaji ikiwa imeganda kwa baridi. Betri za lithiamu zikichajiwa chini ya nyuzi sifuri huharibika moja kwa moja.

Kabla ya kulipia simu, iwe ya Moshi mjini au ya ng'ambo, bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, na ilingane na ile ya kwenye boksi. Tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa kama simu inatambulika. Kenya ilizima simu bandia mwaka 2012. Sisi tulizizima usiku wa Juni 16, 2016, na watu waliopuuza waliamka na vipande vya plastiki. Ukimaliza, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, iripoti siku hiyo hiyo.

Yote niliyoeleza ni mambo ambayo mwananchi anaweza kuyafanya mwenyewe, lakini mzigo huu si wake peke yake. Mtu aliyelala nyumbani kwake hajasafiri, na siyo haki atozwe bei ya msafiri. Nchi zetu zimewahi kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Tanzania na Uganda kutumia laini zao katika nchi zote tatu bila gharama za roming, jambo ambalo Ulaya ilikuwa bado inalijadili. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa pamoja wa kushusha gharama za kupigiana. Umoja wa Ulaya uliondoa tozo za roming kati ya nchi zake Juni 15, 2017, na sheria zake zinazitaka kampuni zichukue hatua za kumlinda mteja wa mpakani anayevutwa na mnara wa jirani akiwa bado nchini mwake. Kifungu cha namna hiyo kingewafaa sana watu wa Tarakea, Holili, Namanga, Sirari na Horohoro. Kampuni nazo zinaweza kuanza bila kusubiri sheria, kwa kumtaka mteja athibitishe kabla data ya ugenini haijaanza kumkata, na kwa kuelekeza antena za mpakani vizuri zaidi.

Ukikatwa ukiwa nyumbani, piga picha ya kioo ikionyesha jina la mtandao wa ng'ambo na saa, uhifadhi ujumbe wa kukaribishwa, uandike na kijiji ulichokuwa. Anza na kampuni yako, uombe namba ya malalamiko yako. Usiporidhika na jibu, peleka ushahidi huo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuiuliza kampuni kwa nini mnara wake hausikiki Tarakea.