Redio ya kusikiliza ndege, na muguu wa kamarade wetu

Kila siku ya yenga, nyuma ya saa nane, siye watatu wa delegasyo ya sendika tunaendaka kukaa chini ya muembe wa kamarade mumoja hapa Lubumbashi, upande kwenye ndege zinapita kuenda kushuka Luano. Juu ya meza kuko munkoyo, karanga, na redio ndogo yenye kuenea mu mukono. Inalia shhh, inanyamaza, kisha sauti ya piloti inatoka haraka haraka, sawa vile mutu anayesoma namba za loto. Majirani walianza kwa kucheka. Mama wa nyumba naye akatuuliza: "Mishahara ya watu mumemaliza kuisema, sasa munatafuta ya mapiloti?"

Mama ana haki ya kuuliza. Jibu iko ku muguu wa bwana yake.

Katika karyeri ya kampuni moja yenye hatutaitaja, usiku wa mvua, ekipe nzima ilikuwa ku kanali moja ya toki-woki: wa pele, wa mabene, wa pompi za maji, shefu. Kamarade wetu alikuwa chini, kwa miguu, anaelekeza bene yenye ilikuwa inarudi nyuma. Akaona inamukaribia sana, akafinya kitufe, akasema: "Ngojea, niko nyuma yako." Sekunde ile ile mutu mwengine, mwenye alikuwa karibu zaidi na bene, alikuwa anaomba mazuti. Dereva akasikia mazuti. Hakusikia kitu kingine. Muguu wa kuume ukakatwa chini ya goti, na raporo ikaandika kama mutumishi "hakutoa habari". Yeye anaapa kama alitoa. Sauti haiachake alama, na hakukuwa mutu wa kumushuhudia.

Alipokuwa analala ku nyumba miezi mingi, mupwa wake akatoka Afrika ya Kusini na ile redio, juu ya kumupitishia saa. Siku moja akatuma mutoto atuite. "Bakamarade, mukuje musikilize hawa watu," akasema. "Hakuna mutu anaitika paka 'sawa'. Kila kitu wanarudilia."

Tukasikiliza. Ni kweli. Ku tour wakitoa oda ya kushuka mupaka kimo fulani, piloti anarudilia ile namba, na jina la ndege yake mwishoni. Akikosea, wanamurudisha palepale. Kwa Kifaransa ao kwa Kiingereza, mutindo ni ule ule. Siye wenye tunafanya kazi chini ya mashini ya tani mia, tunaitikaka "OK, OK" mara mbili, na tunazani tumesikilizana.

Mupwa akatueleza neno lingine, lenye lilituuma roho. Toki-woki nyingi za mu karyeri zinasema kwa FM. Ku FM, watu wawili wakisema pamoja, sauti yenye nguvu inameza yenye uzaifu kabisa, na mwenye kusikiliza hawezi hata kujua kama kuko mutu alimezwa. Ndege zimebakia na AM, mutindo wa zamani. Kule, wawili wakisema pamoja kunatoka mulio mubaya, sawa filimbi. Wote wanajua kama kuko maneno yamepotea, na wanaomba yarudiliwe. Kamarade wetu aliposikia ile, alinyamaza muda murefu.

Filimbi peke yake haiokoe mutu lakini. Tarehe 27 Machi 1977, ku kiwanja cha Los Rodeos, kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa mu ukungu juu ya njia moja. Piloti wa KLM alisema kama anaondoka. Tour ikajibu kwa kuanza na neno "okay", kisha ikamuambia angojee. Wakati ule ule Pan Am ikasema ingali juu ya njia. Sauti mbili zikagongana, na ndani ya KLM ikasikika filimbi juu ya maneno ya muhimu. Ndege ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Watu 583 walikufa. Kutoka pale, neno la "kuruka" halitumiwe ovyo ku redio za ndege: linasemwa paka wakati ruhusa yenyewe inatolewa ao inaondolewa. Na oda za muhimu zinarudiliwa na namba zake zote, siyo kwa "okay".

Njo maana tunakaa chini ya muembe. Na kwa sababu wengi wametuuliza ile redio inapatikana namna gani, tuseme kidogo.

Neno la kwanza: ndege za watu zinasema kati ya 118 na 137 megahertzi, kwa AM. Vitu viwili vile, vyote pamoja. Ku soko watakuonyesha toki za bei ya chini na kuapa kwa jina la mama yao kama zinapata ndege. Baofeng UV-5R ya kawaida, yenye wengi wanajua, imetengenezwa kwa 136 mupaka 174, na 400 mupaka 520, kwa FM. Ndege hautasikia hata moja. Mumoja wetu alikulwa franga zake namna ile, hatutasema ni nani. Mbele ya kulipa, andika 121.500 juu ya mashini. Ikikataa, rudisha. Ikikubali, angalia kama ku kioo wanaandika AM. Wakiandika paka FM, rudisha vilevile.

Kuko toki za kisasa, sawa Quansheng UV-K5, zenye kupata ndege kweli. Siye hatuzipendi kwa hii kazi, juu zina kitufe cha kusema. Mutoto anafinya akicheza, na wewe unaingia mu shida yenye haina mwisho. Nunua chombo cha kusikiliza peke yake. Uniden BC125AT ni ya namna ile: inashika kanali 500 mu kichwa na inatumia mapile mawili ya kawaida. Icom IC-R6 ni ndogo zaidi na inashika 1300, lakini bei yake inaumiza. Jamaa yenye inataka pia redio za mbali, za masafa mafupi, inaweza kuangalia Tecsun PL-660. Ile haikimbie kanali haraka sawa skana, lakini inapata ndege ku AM, na inapata pia SSB, yenye ndege zinatumia kusema kwa mbali sana juu ya pori. Kwa mapile, chukua chombo chenye kutumia yale ya duka, yenye kuchajiwa kama unaweza. Umeme ukikatika siku mbili, betri yenye muundo wake peke yake inakuwa jiwe.

Antena yenye inakuja na chombo ni fupi. Waya wa sentimetri 59, umesimama wima, unasaidia kuipita, juu ile ni robo ya wimbi la 127 megahertzi. Panda fasi ya juu. Ndege yenye kuruka kimo cha metre 10.000 unaweza kuisikia mupaka kilometre 400 hivi kama hakuna kilima kati yenu, ni kusema mbali kupita Kolwezi. Lakini tour yenyewe iko chini, na nyumba na vilima vinaificha. Kwa hiyo usishangae kusikia piloti anajibu mutu mwenye hausikie. Redio haijaharibika.

Kitufe cha skwelchi kinakata makelele. Kizungushe mupaka shhh inyamaze, na uache pale pale. Ukizidisha, unafunga mulango kwa sauti za mbali, na wengi wanatupa redio nzuri juu ya ile kosa. Hatua ya kanali weka 25 kilohertzi. Ukikaa karibu na antena ya redio ya muziki, nyimbo zitaingia katikati ya ndege, juu FM ya muziki inakomea 108, ni majirani. Sogea.

Kanali mbili za kuweka mbele: 121.5, ya ndege yenye iko mu hatari, duniani kote. Ombea usisikie kitu pale. Na 126.9. Hii ni ya Afrika yetu. Katika anga ya Congo na inchi nyingine nyingi za Afrika, fasi kubwa hazisikilizane vizuri na watu wa chini, mapiloti wanatangaziana wenyewe kwa wenyewe: niko fasi hii, kimo hiki, naenda kule, saa hii. Hawangojee mukubwa awaambie. Kila mutu anasema fasi yake mbele ya kuulizwa. Kamarade wetu anasema ile kanali ndiyo sendika ya mapiloti.

Sasa sheria. Inchi yetu ina sheria ya telecommunication namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na ARPTC ndiyo yenye kusimamia mambo ya redio. Mbele ya kununua, uliza ku biro yao, na upate jibu kwa karatasi kama inawezekana. Mambo unayosikia hayakutumiwa wewe, usiyarekodi, usiyapeleke mu WhatsApp. Sikiliza ku lupango yako. Mutu mwenye kusimama usiku ku ukuta wa kiwanja cha ndege ao karibu na kambi ya waaskari na antena mukononi, hawatamuuliza kama anapenda ndege.

Tunarudia ku karyeri. Tuliandika karatasi ya maombi matatu. Mabene na watu wa kwa miguu wapewe kanali yao, mbali na mambo ya mazuti na chakula. Oda ya kurudi nyuma, ya kusimama na ya kulipua irudiliwe yote na namba ya mashini, na dereva asisogee kama hajasikia kurudilia. Na asiyesikia vizuri aseme "rudilia" bila mutu kumucheka. Direksyo ilitujibu kama tunapoteza saa za kazi. Tukapima na saa ya mukono: kurudilia kunakula sekunde nne.

Zamu moja ya usiku imekubali kujaribu, na shefu wake, mutu wa haki, anasema madereva walichoka wiki ya kwanza, kisha wakazoea. Haijaandikwa bado katika reglema. Faili ya kamarade wetu nayo imefunguliwa tena ku inspeksyo ya kazi, na dereva wa bene amekubali kuandika kama usiku ule alisikia mazuti peke yake.

Siku ya tatu tunarudi ku meza na direksyo. Kama ku zamu yenu mabene na watu wa kwa miguu wako bado ku kanali moja, andika namba ya kanali, saa, na neno lenye lilipotea, hata kama hakuna mutu aliumia. Muletee delege wenu karatasi mbele ya siku ya pili magaribi.