Kupima damu iliyo mapafuni bila kisu

Aliyewahi kupanda gari kutoka Mzumbe kupitia Mlali hadi Mgeta anajua jinsi barabara ile inavyojipinda. Kule juu, kwenye miteremko ya Uluguru, watu hulima kabichi, karoti na viazi, na maji huyaleta shambani kwa mifereji. Mtu wa Mgeta hupanda mlima na tenga kichwani huku akipiga soga. Kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mwenye umri wa miaka 31, alipoanza kupumzika mara tatu kati ya shamba na nyumba, hakuna aliyesema ni uvivu. Tulisema ni pumu.

Alikotibiwa nako walisema ni pumu. Akatumia dawa za pumu karibu mwaka mzima. Mwishowe akawa halali usiku mpaka aegemee mito mitatu.

Tulipomleta Dar es Salaam, daktari alimpaka mafuta mazito kifuani, akampitishia kifaa kinachoenea kiganjani, macho yake yakiwa kwenye kioo. Hiyo ndiyo altrasaundi, mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, ambayo hugonga viungo vya ndani na kurudi kama mwangwi. Akasema, "Huyu hana pumu. Mapafu yake yamezidiwa na damu."

Nikamwuliza, na hili ndilo lililonifanya niandae mazungumzo ya leo: daktari, utajuaje mtu ana damu kiasi gani mapafuni bila kumpasua?

Akaniuliza kama Mgeta kuna mifereji. Nikasema ipo tele. "Basi, tupa jani kwenye mfereji," akasema. Tuseme maji yanapita lita 1 kila sekunde, na jani limechukua sekunde 40 kutoka juu hadi shambani kwako. Mfereji huo una lita 40, nawe hukuchota hata kopo moja.

Mapafu nayo ni mfereji. Upande wa kulia wa moyo husukuma damu iingie mapafuni, upande wa kushoto huipokea. Jani la daktari ni viputo vya gesi vidogo mno, vilivyovishwa ngozi nyembamba ili visipasuke njiani. Vikidungwa kwenye mshipa wa mkono, vinang'aa kwenye kioo upande wa kulia wa moyo, kisha baada ya sekunde chache upande wa kushoto. Moyo ukisukuma lita 5 kwa dakika, na viputo vikichukua sekunde 6, hesabu inatoa nusu lita. Na kweli, mtu mzima mwenye damu kama lita 5 huwa na takriban nusu lita mapafuni wakati wowote.

Ipo njia nyingine, ya wagonjwa mahututi ambao tayari wana mirija mishipani. Badala ya viputo hutumika maji ya chumvi. Sauti hupita taratibu zaidi katika maji hayo kuliko katika damu, na vipimo vilivyobanwa kwenye mirija huitambua tofauti hiyo.

Lakini shemeji hakufanyiwa hesabu hiyo. Ni kazi ya watafiti na hospitali kubwa. Daktari alitazama mambo mawili tu.

La kwanza ni mapafu yenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vilisema altrasaundi haifai kwa mapafu, kwa kuwa hewa huirudisha sauti yote. Mfaransa Daniel Lichtenstein alikuwa mmoja wa waliokataa kuliacha jambo hilo hapo, na mwaka 2008 yeye na Gilbert Mezière walichapisha utaratibu wa kumpima kwa njia hiyo mgonjwa anayekosa pumzi. Mapafu yakianza kulowa, kioo huonyesha mistari myeupe inayoshuka, kama mvua ya Uluguru ukiitazama ukiwa Morogoro mjini. Mistari mitatu au zaidi mahali pamoja si dalili njema. Shemeji alikuwa nayo pande zote mbili.

La pili ni moyo. Valvu moja, yaani mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto, ilikuwa imekakamaa na kuwa nyembamba. Ziba mfereji kwa chini uone: maji yanapanda nyuma, kisha yanavuja kingoni. Ndivyo damu ilivyorundikana mapafuni na maji yake kuvuja.

Kilichoziba ni mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa, yaliyoleta homa ya baridi yabisi, ambayo hushambulia valvu. Majirani zetu Uganda waliwapima watoto kwa altrasaundi ya moyo, wakapata 818 wenye dalili za mwanzo ambao waliingizwa kwenye jaribio. Nusu walichomwa penisilini kila baada ya wiki 4. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya miaka miwili, waliozidiwa kati ya waliochomwa sindano walikuwa 3, na kati ya wasiochomwa walikuwa 33.

Siku hizi vipo vifaa vya altrasaundi vinavyochomekwa kwenye simu ya mkononi. Ningependa kimoja kipande ile barabara ya Mgeta, ila kwa maoni yangu kifaa ndicho kitu rahisi. Kigumu ni kumpata wa kuisoma ile mistari, na akubali kukaa kule.

Shemeji alipanuliwa valvu kwa puto dogo lililopitishwa kwenye mshipa wa paja. Mwezi uliopita mwanawe alilalamika koo, na jioni ileile akateremka naye zahanati, akapanda tena kwa miguu, mtoto mgongoni.