Walikale haina habari na kiangazi chako

Swali huja likiwa na jibu lake mfukoni: "Tukija Julai, likizo kubwa, mvua si itakuwa imekwisha?" Imekwisha wapi? Masisi au Walikale, mkoani Kivu Kaskazini, Kongo? Anayeuliza hajui kwamba hayo ni maswali mawili.

Masisi ni nchi ya vilima na ng'ombe, sehemu yake ikiwa juu ya mita 2,000. Huko kweli Juni hadi Agosti mvua hupungua mno, na Januari na Februari kuna mapumziko mengine mafupi. Shuka magharibi mpaka Walikale-centre, mita zipatazo 700 tu, ndani ya msitu, na hesabu hiyo inavunjika. Mkanda wa mvua hulifuata jua kaskazini katikati ya mwaka, lakini msitu wenyewe hurudisha maji hewani kila siku, na joto la mchana huyapandisha mpaka yakawa wingu la jioni. Julai mvua hupungua, haiondoki. Ukikwama kwenye matope ya Walikale mwezi huo, usimlaumu dereva.

Ushauri wa "njoo kiangazi" tumeuazima Serengeti na Maasai Mara. Kule una maana: nyasi zikikauka, wanyama hukusanyika penye maji, na nyumbu huvuka mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Gorila wa Kahuzi-Biega, hifadhi ambayo tambarare yake inaingia Walikale, hana sababu ya kukusanyika mtoni, maana maji yamo ndani ya majani anayokula. Kinachomhamisha ni chakula. Katika sehemu ya milimani, upande wa Tshivanga, machipukizi ya mianzi hutoka mvua zinaporudi kuanzia Septemba, na gorila huyafuata huko. Msimu unaokimbiwa na wageni ndio unaompa mnyama karamu. Anayewaambia wateja wake kwamba gorila "huonekana kiangazi tu" anauza kalenda ya nchi nyingine.

Na mandhari je? Hapo watu hubisha zaidi. Julai na Agosti mashamba huchomwa, moshi na vumbi hutanda, na volkano ya Nyiragongo yenye mita 3,470 hufifia kama picha ya zamani. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, mlima huo huo huonekana wote, na wekundu wa lava juu yake ukiwepo. Mpiga picha mwenye akili huombea mvua ya usiku.

Lakini hata kama ningekosea kuhusu mawingu yote haya, mwezi si kitu cha kwanza cha kuchagua. Utalii wa Hifadhi ya Virunga ulisimamishwa Mei 2018 baada ya mlinzi wa hifadhi kuuawa na wageni kutekwa nyara, ukarudi Februari 2019, ukafungwa tena Machi 2020 kwa sababu ya korona. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena Mei 2021. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-centre na mji wa Goma, Machi wakafika Walikale-centre. Hakuna hata tukio moja kati ya hayo lililoangalia kalenda ya mvua. Mtu anayenunua tiketi miezi minane mapema kwa kuangalia chati ya mvua, bila kuuliza barabara iko mikononi mwa nani, amesoma ukurasa usio wake.

Haya, kwa wanaosisitiza, siku njia zitakapofunguka: Julai kwa vilima vya Masisi, jibini yake na maziwa ya Mokoto (ya maji, si ya ng'ombe). Septemba hadi Novemba kwa Tshivanga. Januari au Februari kwa volkano, ikiwa hifadhi imeruhusu kupanda. Walikale mwezi wowote, mabuti ya mpira yakiwepo na ratiba ikiwa na siku za ziada. Ondoka alfajiri, kwa sababu mvua hupenda mchana. Nunua tiketi inayobadilishika. Piga simu hifadhini wiki ile ile, kisha mpigie dereva wa lori aliyepita njia hiyo juzi, na wakipishana maneno mwamini dereva. Kadi ya homa ya manjano, dawa ya kukinga malaria, barakoa. Muda mbele ya gorila ni saa moja tu, na ukiwa na mafua usiende kabisa: ugonjwa wako mdogo unaweza kumuua.