Mkono wa kushoto huripoti kulia: Hivi ndivyo ubongo husoma mguso

Uko kwenye matatu usiku. Mkono wa kulia umeshika chuma, wa kushoto uko mfukoni unasaka nauli. Bila kuchungulia unajua hii ni sarafu, huu ni ufunguo. Nani amekuambia?

Ni ubongo, msee. Ncha za vidole zimejaa neva za kuhisi mguso. Habari hupanda mkono, huingia uti wa mgongo, na ikifika shina la ubongo inavuka ng'ambo. Kwa hivyo mkono wa kushoto huripoti upande wa kulia wa ubongo, na wa kulia huripoti kushoto.

Huko juu kuna ramani ya mwili mzima. Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliichora miaka ya 1930. Aligusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme kidogo, halafu anawauliza wamehisi wapi. Vidole na midomo vimenyakua nafasi kubwa kuliko mgongo wote!

Sasa pande hizo mbili huongeaje? Kuna daraja la nyuzi kama milioni 200 katikati. Roger Sperry, aliyeshinda Nobel 1981, alichunguza watu waliokatwa daraja hilo kutibu kifafa. Wakishika kitu kwa mkono wa kushoto bila kukiona, walishindwa kukitaja, maana kwa wengi lugha hukaa upande wa kushoto. Lakini mkono uleule uliweza kukichagua tena kati ya vitu vingine.

Hebu jaribu hii. Pishanisha mikono, funga macho, beshte akuguse mmoja kisha mwingine chapchap. Ni rahisi kuchanganya ni upi ulioguswa kwanza, kwa sababu mkono wa kulia sasa uko kushoto na ubongo lazima upige hesabu upya.

Hii si mchezo tu. Mtu aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo anaweza kuhisi vizuri ukimgusa mkono wa kushoto pekee. Mguse yote miwili pamoja, atakuambia ni wa kulia tu. Habari ya kushoto imemezwa.

Kiharusi hakichagui wazee pekee. Mkono ukifa ganzi ghafla, uso ukilegea upande mmoja ama maneno yakikwama, usijiambie eti uliulalia vibaya. Kimbia hospitali hata kama dalili zimeisha zenyewe. Kila dakika unayongoja, seli za ubongo zinakufa.