Gari la kikundi, na yale magurudumu ya nyuma yanayogeuka

Ni wiki tatu sasa hapa Sange hatuzungumzi nyanya wala mpunga. Tunazungumza gari. Wenzetu wa Uvira na Bukavu wametuuliza mambo yamefikia wapi, basi tunayaeleza yote, pamoja na pale tulipokaribia kudanganywa.

Pesa ya gari tulianza kuiweka mwaka jana, mbali na likelemba ya kawaida. Tuko mama 41, kila mmoja dola 3 kwa wiki, na anayekosa dola analeta mpunga tunaupima na kuuuza. Sababu mnaijua. Nyanya zetu zinaiva zote pamoja, na mwenye gari ndiye anayepanga bei ya kubeba. Halafu kuna usiku. Mwenzetu mmoja alishikwa na uchungu saa nane za usiku, ikaonekana anahitaji kupasuliwa, tukampeleka Uvira kwa pikipiki, yeye katikati, dereva mbele, dada yake nyuma akimshika. Mtoto yupo, anatambaa. Lakini hakuna aliyeuona usiku ule anayetaka kuuona tena.

Tulipofikisha dola 7,300, komisioneri mmoja wa magari alikuja mwenyewe. Habari ya pesa ya wanawake haikawii kutembea. Akatuonyesha magari mawili, yote mapya. Na mapya hapa kwetu maana yake ni kwamba yameshatembea miaka mingi Japani ila hayajaonja vumbi la Ruzizi. La kwanza ni Toyota Noah. La pili ni gari la chini, zuri, linang'aa, na bei yake ilizidi ya Noah kwa dola 800. Tukauliza dola 800 za nini. Akajibu: "Hili ni kubwa kuliko katrekatre. Magurudumu yote manne yana usukani."

Mama mweka hazina wetu hakusoma sana, lakini kila kitu anakinakili kwenye daftari. Nyuma ya Noah aliandika 4WD. Nyuma ya lile lingine aliandika 4WS. Jioni akatuuliza: hii herufi ya mwisho, mbona si moja?

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. D inasema injini inayasukuma magurudumu yote manne, ndiyo katrekatre tunayoijua, inayokutoa kwenye tope. S inasema usukani unayageuza yote manne, ya mbele na ya nyuma. Gari lenye S bila D likikwama shambani linakwama kama gari lolote. Komisioneri alikuwa ametuuzia neno moja kwa bei ya lingine.

Hata hivyo hatukutaka kuitupa S kwa hasira. Tulitaka kujua ni kitu gani. Papa fundi mmoja wa garaji kule Uvira alitueleza kwa namna ambayo kila mama aliielewa. Fikirieni kipoyi, alisema, watu wawili wamembeba mgonjwa kutoka milimani. Wakifika kwenye kona kali, wa mbele anakata kushoto, na wa nyuma anatoka kulia. Kipoyi kinazunguka pale pale bila kugonga mti. Lakini kwenye njia iliyonyooka, wakitaka kukwepa shimo, wote wawili wanasogea upande mmoja, na mgonjwa hayumbi. Gari la 4WS linafanya hivyo hivyo. Likienda polepole, magurudumu ya nyuma yanageuka kinyume na ya mbele, na gari linazunguka mahali padogo. Likienda mbio, yanafuata upande mmoja na ya mbele kidogo sana, na gari linatulia.

Si ujanja mpya. Nissan waliuweka kwenye Skyline katika miaka ya 1980, na mwaka 1987 Honda waliuza Prelude ambayo fito ya chuma ilitoka mbele hadi nyuma kuyageuza magurudumu. Ya nyuma yaligeuka digrii 5 na kidogo tu. Wamarekani waliujaribu kwenye pikapu za GMC kuanzia 2002, na baada ya miaka michache wakauacha. Siku hizi umerudi na kompyuta ndani. Mercedes S-Class iliyotoka 2020 inaweza kuyageuza ya nyuma hadi digrii 10, na gari lile refu linapinda kama gari dogo. Kwa anayeegesha kwenye ghorofa za chini ya ardhi huko Ulaya, tunaamini pesa yake haipotei.

Mama mmoja anayeuza samaki Bukavu alitupinga, na alikuwa na hoja. "Ninyi mnaishia Uvira," alisema. "Mimi napanda Ngomo. Zile kona mnazijua?" Tunazijua. Ukitoka Kamanyola kupanda kwenda Nyangezi, kuna mahali gari linapinda huku abiria wa dirishani anatazama korongo. Gari linalozunguka mahali padogo lingesaidia pale, hatukatai. Lakini Fuso zinapanda zikiwa zimejaa mihogo, na hazina S. Kinachotisha Ngomo ni lori linaloshuka, breki zenye moto, na utelezi wa mvua. Gurudumu la nyuma linalogeuka halikupi breki. Yule mama hakukubali mpaka leo, na tunaheshimu.

Fundi akatushauri jambo moja: msibishane, lipimeni. Tukalipeleka lile gari garaji. Akaliinua nyuma kwa jeki, injini inawaka, akamwambia dereva azungushe usukani. Kweli, magurudumu ya nyuma yalisogea. Wengine walipiga makofi. Kisha akazima, akashika gurudumu la nyuma la kushoto kwa mikono miwili, akalitikisa. Likagonga. Ko, ko, ko. Akasema kile kiungo kimeliwa, na gari la namna hiyo likifika kilomita 80 kwa saa, mkia unaamua njia yake wenyewe.

Tunataka mama yeyote anayepanga kununua gari aelewe hapo. Gari la kawaida lina viungo vya usukani mbele tu, na barabara yetu namba 5 inavila hivyo vya mbele haraka. Gari la 4WS lina vingine nyuma. Vipuri vya Noah unavipata Uvira, ukikosa Uvira unavipata Bujumbura. Vya kile kiungo cha nyuma fundi alicheka tu. Paralelizmu pia inapimwa magurudumu manne, si mawili. Hata wapenzi wa Nissan za zamani, wengi wao huufunga mtambo ule wa nyuma usifanye kazi, kwa sababu ya uchakavu huo huo. Na hauongezwi garaji kama redio. Gari linazaliwa nao kiwandani au halina.

Kwa hiyo dola 800 zilibaki kwenye sanduku. Komisioneri alinuna, akasema wanawake wana maneno mengi. Tuna maneno mengi, na tuna sanduku.

Lakini kazi ile ilituletea swali ambalo hatukulifikiria: usukani wenyewe uko upande gani? Noah hii, kama magari mengi ya Japani, usukani wake uko kulia, na sisi tunaendesha kulia. Dereva akitaka kulipita lori, hamuoni anayekuja mpaka achomoze nusu ya gari. Anategemea abiria wa kushoto amwambie. Hapa Sange kuhusu kupitana hatuhitaji kufundishwa. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu. Taarifa za wakati ule zilisema lilikuwa likitaka kulipita basi. Mafuta yakamwagika, watu wakakaribia, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wakiwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Katika kikundi chetu wapo waliozika siku ile zaidi ya mmoja.

Hivyo tumeandika masharti ya dereva kabla ya kulipa gari: halipiti lori mpaka Kiliba wala mpaka Luvungi kama barabara haionekani, hapakii juu ya paa zaidi ya magunia manne, na usiku hasafirishi isipokuwa mgonjwa. Mama prezidante anataka magunia mawili. Wauza nyanya wanataka sita.

Noah nayo ilitikiswa magurudumu yote. Haikugonga, ila mipira miwili ya mbele imelika upande wa ndani, na tunataka bei ishuke kwa sababu hiyo. Jibu la mwenye gari tunalingojea kabla ya Jumamosi. Kikao ni saa tisa baada ya soko, na kila mama aje na kijitabu chake, hata aliyechelewesha wiki mbili au tatu.